Kamera na Mwendo wa Kasi

Jicho la mwanadamu ni mlinzi mwaminifu, lakini si mlinzi wa kila kitu. Chozi akisimama hewani mbele ya ua, twaona ukungu mahali pa mabawa. Mabawa yenyewe hatuyaoni. Farasi akipita mbio, twasikia kwato na twaona vumbi, lakini tukiulizwa kama kuna wakati ambapo miguu yake yote minne imeacha ardhi, hatuwezi kujibu kwa yakini. Wala upungufu huu hautusumbui, kwa sababu jicho halituambii kuwa limeshindwa. Hutuletea habari nusu, nasi huipokea kama habari kamili.

Nakuomba, msomaji, uikumbuke tarehe 10 Agosti 2024. Siku hiyo, katika uwanja wa Stade de France karibu na jiji la Paris, Emmanuel Wanyonyi wa Kenya alishinda mbio za mita 800 za Michezo ya Olimpiki kwa muda wa dakika 1 na sekunde 41.19. Aliyemfuata, Marco Arop wa Kanada, alitumia dakika 1 na sekunde 41.20. Tofauti baina ya dhahabu na fedha ilikuwa sehemu moja ya mia ya sekunde. Piga hesabu mwenyewe: kwa mwendo wa wastani aliokwenda Wanyonyi, katika sehemu hiyo ndogo ya wakati mtu husogea kama sentimita 8, yaani upana wa kiganja cha mkono. Maelfu ya watu walikuwapo wakitazama. Ni nani kati yao angeweza kuapa juu ya upana wa kiganja?

Kazi ya kuona yale yanayolishinda jicho imekabidhiwa kamera. Kandokando ya viwanja vya namna hiyo huketi wapigapicha wa magazeti, na kamera nyingi wanazozitumia siku hizi ni za aina mpya, zisizokuwa na kioo ndani yake. Miongoni mwa zile zinazosifiwa sana ni Nikon Z 9, iliyotangazwa Oktoba 2021. Sifa zake ni nyingi na bei yake ni kubwa. Nia yangu katika insha hii ni kuipima kamera hiyo pamoja nawe. Lakini wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Hatuwezi kukipima chombo kabla ya kujua kiliundwa ili kuondoa upungufu gani. Basi yatupasa tuiendee historia kwanza, itupe mawe ya mizani, kisha ndipo tupime.

Tuanze mwanzo. Mwaka 1838 Mfaransa mmoja, Louis Daguerre, aliielekeza kamera yake kwenye barabara ya Boulevard du Temple mjini Paris. Barabara hiyo ilikuwa na shughuli nyingi, watu wakipita na magari ya farasi yakipishana. Hata hivyo, katika picha ile barabara yaonekana tupu, kana kwamba wenyeji wamehama. Sababu yake ni kwamba bamba la shaba lililopakwa fedha, ambalo Daguerre alilitumia, lilihitaji dakika kadhaa za mwanga ndipo picha itokee. Kila aliyekuwa akienda alipita bila kuacha alama. Katika pembe moja tu yaonekana sura ya mtu. Mtu huyo alikuwa amesimama akisafishiwa viatu, na kwa kuwa alitulia, alibaki. Basi kamera ilizaliwa na upendeleo: iliwahifadhi waliotulia na kuwafuta waliokuwa wakienda.

Hilo ndilo jiwe la kwanza la mizani yetu, nalo ni ufupi wa wakati. Kamera itakayotaka kuonyesha mwendo lazima iweze kufungua na kufunga mlango wake wa mwanga kabla ya kitu kusogea. Kwa miaka 40 hivi baada ya picha ya Daguerre, mafundi wa dawa na mafundi wa vyuma walihangaika kuufupisha wakati huo.

Kabla kamera haijaweza, watu walimtegemea mchoraji. Mwaka 1821 Théodore Géricault alichora mbio za farasi za Epsom, Uingereza. Katika picha yake farasi wamenyoosha miguu ya mbele kwenda mbele na miguu ya nyuma kwenda nyuma, wakawa kama wanaelea juu ya majani. Ni picha nzuri, na wachoraji wengi walichora farasi wao kwa namna hiyo hiyo. Watazamaji walikubali kwamba hivyo ndivyo farasi anavyokimbia, maana wao pia walidhani wameona hivyo.

Aliyetaka uhakika alikuwa Leland Stanford, tajiri wa reli huko Marekani na aliyepata kuwa gavana wa California. Husimuliwa mara nyingi kwamba Stanford aliweka dau la fedha nyingi juu ya jambo hili, lakini ushahidi wa dau hilo haukupatikana. Lililo hakika ni kwamba mwaka 1872 alimwajiri mpigapicha mmoja mzaliwa wa Uingereza, jina lake Eadweard Muybridge, ampigie picha farasi wake akiwa katika mwendo. Majaribio ya kwanza hayakutoa picha safi. Muybridge hakukata tamaa, na hatimaye, katika Juni 1878, jawabu lilipatikana huko Palo Alto.

Hebu jifikirishe ulikuwapo. Kandokando ya njia ya mbio zimepangwa kamera 12 katika mstari mmoja, na baina ya kamera na kamera kuna nafasi ya sentimita 69 hivi. Kutoka kila kamera uzi mwembamba umekingamishwa njiani. Farasi jike aitwaye Sallie Gardner anakuja mbio, anakata uzi wa kwanza, wa pili, wa tatu, hata wa mwisho, na kila uzi unapokatika kamera yake inafunguka na kufunga kwa muda mfupi ambao Muybridge mwenyewe aliukadiria kuwa haufiki sehemu moja ya 2,000 ya sekunde. Waandishi wa magazeti walialikwa kushuhudia majaribio ya mwezi huo, ili mtu asije akadai kwamba picha zilichorwa kwa mkono.

Picha zilipotoka, jawabu lilikuwa wazi, tena lilikuwa na mshangao ndani yake. Ni kweli kwamba farasi akimbiapo huiacha ardhi kwa miguu yote minne. Lakini haiachi wakati ameinyoosha miguu kama walivyochora wachoraji. Huiacha wakati ameikusanya miguu yote chini ya tumbo. Waliosema farasi huruka walikuwa na haki, na waliochora jinsi anavyoruka walikuwa wamekosea. Fundisho hili, msomaji, tuliweke akilini: yawezekana mtu akapata neno lote kwa ujumla, akakosa sehemu zake zote.

Sasa nitakueleza jambo ambalo halihusu vyuma wala dawa, lakini ni zito kuliko hivyo. Mwaka 1882 kilitoka kitabu kuhusu mwendo wa farasi, kilichoandikwa na daktari J. D. B. Stillman, rafiki yake Stanford. Picha nyingi za kitabu hicho zilikuwa michoro iliyonakiliwa kutoka picha za Muybridge, lakini katika ukurasa wa jina hakutajwa. Wakati huo Muybridge alikuwa London, na wataalamu wa Royal Society walikuwa tayari kulipokea andiko lake. Walipokiona kitabu kile, waliingiwa na shaka kwamba kazi aliyoileta ni yake, na andiko likarudishwa. Muybridge alimshtaki Stanford mahakamani akashindwa. Baadaye alijijenga upya katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, na mwaka 1887 akatoa mkusanyiko wake mkubwa wa mabamba 781 ya picha za watu na wanyama katika mwendo. Jina lake lilirudi mahali pake, lakini fikiri jinsi lilivyokaribia kupotea. Kamera yake iliweza kuthibitisha hatua ya farasi, lakini haikuweza kuthibitisha ni nani aliyeisimamisha njiani.

Mwaka huo huo wa 1882, Mfaransa Étienne-Jules Marey, mtaalamu wa maumbile ya viungo, alitengeneza chombo chenye umbo la bunduki. Mtu alikiweka begani, akamlenga ndege arukaye, akavuta kidude, na badala ya risasi zilitoka picha 12 kwa sekunde moja juu ya bamba moja lililozunguka. Tazama tofauti ya watu hawa wawili. Muybridge alihitaji kamera 12 na farasi aliyekubali kupita katika njia iliyowekwa. Marey alihitaji kamera moja, naye akamfuata ndege kokote alikokwenda. Mpigapicha wa leo anayemfuata duma katika mbuga ya Maasai Mara kwa kamera iliyo mkononi ni mrithi wa Marey kuliko wa Muybridge.

Twende sasa kwenye jiwe la pili, nalo ni unyofu wa umbo. Ili kufupisha wakati, mafundi walibuni kilango cha pazia. Mbele ya bamba au filamu waliweka pazia lenye ufa mwembamba, na ufa huo ulipita haraka kutoka upande mmoja hadi mwingine, ukiruhusu mwanga uingie kidogo kidogo. Ufa ukiwa mwembamba zaidi, kila sehemu ya picha hupata mwanga kwa muda mfupi zaidi. Ulikuwa uvumbuzi mwema, lakini ulileta udhia wake. Kwa kuwa ufa ulisafiri, sehemu za picha hazikupigwa wakati mmoja: upande mmoja ulitangulia na mwingine ukafuata, na kitu chenye kasi kiliwahi kusogea kabla ufa haujamaliza safari yake.

Ushahidi wake ni picha aliyoipiga kijana Mfaransa, Jacques Henri Lartigue, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Alikuwa kando ya njia ya mashindano ya magari, akaigeuza kamera kulifuata gari moja lililopita kwa kishindo. Katika picha hiyo gurudumu la gari si duara. Limekuwa kama yai lililolala kuelekea mbele. Watu na nguzo zilizo nyuma ya gari nazo zimeinama upande wa pili. Hakuna gurudumu lililokuwa yai siku ile, wala nguzo iliyoinama. Leo picha hiyo yapendwa duniani kote kwa sababu yaonyesha kasi kwa namna ambayo unyofu usingeweza kuionyesha. Lakini kama ungekuwa mwamuzi, nawe wataka kujua umbo la kweli la gurudumu, picha hiyo ingekudanganya.

Jiwe la tatu ni uwazi wa kutazama. Mwaka 1925 kamera ndogo ya Leica, iliyobuniwa na Oskar Barnack wa Ujerumani, ilianza kuuzwa, ikawawezesha wapigapicha kuchukua mkononi kamera ya filamu ya milimita 35. Lakini mpigapicha alichungulia kupitia kidirisha cha pembeni, si kupitia lenzi yenyewe. Ili aone kile kile kinachoonwa na lenzi, mafundi waliweka ndani ya kamera kioo kilicholala kwa mshazari, kikarudisha sura kutoka kwenye lenzi hadi kwenye jicho. Kamera hizo zilipata nguvu kubwa baada ya kamera ya Nikon F kutoka mwaka 1959, zikawa ndizo chombo cha wapigapicha wa michezo na wa habari kwa zaidi ya nusu karne.

Hata hivyo kioo kile kilikuwa rafiki na adui kwa wakati mmoja. Kilisimama baina ya lenzi na filamu, kwa hiyo kila picha ilipopigwa hakikuwa na budi kuruka juu, kupisha mwanga, kisha kurudi. Kwa muda huo jicho la mpigapicha lilikaa gizani. Basi ni jambo la kuchekesha kidogo, lakini ni kweli: nukta ile ile iliyoingia katika picha, mpigapicha mwenyewe hakuiona. Kama aliona mpira ukigusa wavu, alijua kwamba picha ya mpira kugusa wavu ameikosa. Tena kioo kilikuwa na uzito, kilipiga kelele, na kasi ya kuruka na kurudi iliiwekea kamera mpaka. Wakati wa Michezo ya Olimpiki ya Los Angeles ya mwaka 1984, Canon walitengeneza kamera iliyopiga picha 14 kwa sekunde, na ili kufika hapo walilazimika kuweka kioo chembamba kisichoruka, kinachopitisha sehemu ya mwanga na kurudisha sehemu nyingine. Kioo kilitulia, lakini kililipwa kwa mwanga: filamu haikupata mwanga wote ulioingia katika lenzi.

Wokovu ulitoka mahali pengine. Mwaka 1975 Steven Sasson, mhandisi wa Kodak huko Marekani, aliunda kamera isiyotumia filamu. Ilikuwa na uzito wa kilo 3.6 hivi, na ilichukua sekunde 23 kuiandika picha moja juu ya utepe wa kaseti. Nani angedhani kwamba chombo kizito na kizembe namna ile ndicho baba wa kamera za kasi? Lakini ndani yake mlikuwa na siri. Mahali pa filamu paliwekwa kihisio, yaani kipande kinachougeuza mwanga kuwa umeme. Na sura ikiisha kuwa umeme, yaweza kupelekwa kwenye kioo kidogo cha televisheni mbele ya jicho la mpigapicha bila haja ya kioo cha kuruka. Mwaka 2008 Panasonic walitoa Lumix G1, kamera ya kubadilisha lenzi iliyoacha kabisa kioo kile. Mwaka 2017 Sony walitoa kamera ya a9 iliyoweza kupiga picha 20 kwa sekunde bila jicho la mpigapicha kutiwa giza hata mara moja. Miaka minne baadaye Nikon Z 9 ikaja bila kioo, tena bila pazia lolote la chuma au kitambaa: kazi yote ya kufungua na kufunga hufanywa na umeme. Methali yetu yasema macho hayana pazia. Kwa mara nyingine tena fundi amekwenda hadi mwisho wa akili, akakuta methali imemtangulia.

Sasa mawe tunayo, msomaji. Na tupime.

Kwa jiwe la ufupi wa wakati, kamera hii ni nzito sana katika mizani. Yaweza kupokea mwanga kwa muda wa sehemu moja ya 32,000 ya sekunde. Kwa muda huo, mkimbiaji mwenye mwendo wa Wanyonyi husogea robo ya milimita tu. Lakini usiyapokee maneno haya kama mteja anayeambiwa bei sokoni. Wakati ukiwa mfupi, mwanga nao huwa haba. Na katika mashindano ya usiku au ndani ya ukumbi, hakuna mpigapicha atakayethubutu kuutumia muda huo. Kwa mkimbiaji, sehemu moja ya 2,000 ya sekunde, ambayo Muybridge alikwisha kuitaja mwaka 1878, aghalabu yatosha hata leo. Basi tusilipe fedha nyingi kwa ajili ya namba ambayo hatutaitumia.

Kwa jiwe la unyofu wa umbo, kuna jambo la kuangaliwa sana. Pazia limeondolewa, lakini tabia ya pazia imebaki. Kihisio cha kamera hii hakisomwi chote kwa pamoja. Husomwa mstari baada ya mstari, na kazi hiyo huchukua kama sehemu moja ya 270 ya sekunde. Hiyo ni kasi inayokaribiana na kasi ya mapazia ya kale, na kwa mkimbiaji, farasi au ndege mkubwa haileti madhara yanayoonekana. Lakini fimbo ya gofu inayoshuka kwa nguvu, au rafadha ya ndege inayozunguka, yaweza kuonekana imepinda. Yai la Lartigue limebadilisha nguo, halijafa. Mwishoni mwa mwaka 2023 Sony walitangaza kamera ya a9 III, ambayo kihisio chake husomwa chote kwa nukta moja, na hapo upotovu huu ukakoma. Lakini tazama malipo yake: picha yake ina vijisehemu milioni 24.6 vya sura, ambapo ile ya Nikon ina milioni 45.7, na kipimo chake cha chini kabisa cha wepesi wa kupokea mwanga ni 250, ambapo cha Nikon ni 64. Katika kamera, kama katika maisha, hakuna anayepewa kwa mkono wa kulia bila kutoa kwa mkono wa kushoto.

Kwa jiwe la uwazi wa kutazama, sifa ni za kweli. Mpigapicha huona mwendo mzima bila giza kukatiza, hata wakati picha zinapigwa mfululizo. Kamera yenyewe hutambua watu, wanyama na vyombo vya safari, ikaishikilia sura au jicho lililolengwa na kulifuata linapokwenda. Kazi hii zamani ilitaka vidole vyenye mazoezi ya miaka mingi. Hata hivyo ina upungufu wake: kinachotazamwa ni taswira ya umeme, na betri ikiisha mpigapicha huwa kipofu. Nayo kamera ina uzito wa gramu 1,340 kabla lenzi haijawekwa, na lenzi za michezo aghalabu ni nzito kuliko kamera.

Limebaki suala la wingi, ambalo ndilo linalotangazwa kwa sauti kubwa kuliko yote. Kamera hii hupiga picha 20 kwa sekunde kwa ukubwa wake kamili, au 120 kwa sekunde ikiwa mpigapicha ataridhika na picha ndogo zenye vijisehemu milioni 11. Namba hizo zinatisha. Lakini turudi kwenye uwanja wa Paris, tuzipime kwa upana wa kiganja. Picha zikiwa 20 kwa sekunde, mkimbiaji husogea kama sentimita 40 baina ya picha na picha. Zikiwa 120, husogea kama sentimita 6 na nusu. Wanyonyi na Arop walitenganishwa na sentimita 8 hivi. Maana yake ni kwamba hata kamera hii ya fahari, kwa kasi yake ya juu kabisa, ingeiambulia nukta ambayo mmoja amegusa mstari na mwingine bado mara moja au mbili tu. Ndiyo sababu waamuzi hawatumii kamera ya namna hii. Wao hutumia kamera ya pekee isiyotazama kitu kingine ila mstari wa mwisho, na ile iliyotumiwa Paris mwaka 2024 iliweza kuutazama mstari huo mara 40,000 kwa sekunde. Kamera ya mwamuzi haijui uso wa mshindi wala furaha yake. Inajua mstari tu. Kamera ya mpigapicha inajua uso na furaha, lakini haifai kutoa hukumu. Anayekitaka chombo kimoja kifanye kazi ya kingine atatahayari.

Kisha fikiri juu ya mzigo wa wingi huo. Mbio za sekunde 10, kwa picha 120 kwa sekunde, huzaa picha 1,200. Ni moja itakayochapwa katika gazeti. Zilizobaki 1,199 lazima ziangaliwe na mtu, zikataliwe na mtu. Kamera imeondoa taabu ya kuikamata nukta, ikaleta taabu ya kuichagua. Na katika kuchagua kuna hatari, maana katika mbio za karibu yaweza kupatikana picha moja inayomwonyesha aliyeshindwa akiwa mbele, kwa kuwa hatua yake ilitangulia wakati huo tu. Picha hiyo si ya uongo, lakini ikitolewa peke yake bila maelezo hufanya kazi ya uongo.

Hapa ndipo tunapolifikia jiwe la nne, ambalo haliuzwi dukani: uaminifu wa anayeishika kamera. Kumbuka kitabu cha mwaka 1882. Picha za farasi zilikuwa za kweli, kila mguu ulikuwa mahali pake, na bado dhuluma ilitendeka kwa sababu jina la mwenye kazi liliachwa. Hakuna kasi ya kamera iwezayo kuziba pengo la namna hiyo. Mpigapicha atakayeandika jina lisilo sawa chini ya picha, au atakayechukua kazi ya mwenzake akaiita yake, amepotosha zaidi kuliko pazia lolote lililopotosha gurudumu.

Basi hukumu yetu ni ipi? Nikon Z 9 ilipotoka ilitangazwa kwa bei ya dola 5,500 za Marekani, ambazo kwa thamani ya shilingi ya Kenya ya mwaka 2024 ni zaidi ya laki saba, bila lenzi. Kwa mpigapicha ambaye kazi yake ni kufuatilia riadha, mpira au wanyama wa porini, na ambaye picha moja iliyokosekana ni mshahara uliokosekana, ni chombo kinachostahili bei yake: ni chepesi wa kuona, ni kinyofu kwa kazi nyingi, wala hakimtii gizani. Kwa mpigapicha wa gofu, nitamshauri apime kwanza ile iliyo nyofu zaidi, ajue nini atatoa. Na kwa kijana wa chama cha picha cha shule, nitamwambia asione haya kushika kamera ya zamani yenye kioo. Giza lile la sehemu ndogo ya sekunde litamfundisha kuitabiri nukta kabla haijafika, na hilo ni somo ambalo kamera mpya haina uwezo wa kulifundisha.

Msomaji, siku moja utaonyeshwa chombo kipya kuliko hiki, chenye namba kubwa kuliko hizi. Usizikatae namba hizo, wala usizisujudie. Uliza maswali manne: wakati wake ni mfupi kiasi gani, umbo lake ni nyofu kiasi gani, mwenye kuishika anaona nini, na ni mtu mwaminifu au sivyo. Matatu ya kwanza utajibiwa na mfanyabiashara. La nne halijui, na jawabu lake utalitoa wewe mwenyewe siku kamera itakapokuwa mkononi mwako.